NAMBA ZA PASI ZA WATOTO WETU: leo nasema (posti ya 1 mpaka ya 6)

POSTI YA 1

Ndaga kwa wote mlioniuliza inboksi mbona nesi kapotea. Nilikuwa zamu za usiku. Pia nilikuwa na hasira, na nikiandika nikiwa na hasira nawaudhi hata wasio na kosa, kwa hiyo nikasubiri ipoe. Imepoa kidogo tu.

Najua hapa mmezoea tunaongea kunyonyesha, chanjo, uji wa lishe, homa za usiku. Leo naongea mpira. Usipite. Kama una mtoto wa miaka 8 mpaka 15 anayetoka Jumamosi asubuhi na viatu vya mpira begani, hii inakuhusu kuliko ile posti ya uji.

Jumapili moja niko kazini, mvua yetu ile ya Tukuyu isiyouliza ni mwezi gani inapiga bati, akaingia mama na mvulana wa miaka 12. Mama yake kaniruhusu kuandika na nimebadilisha vitu viwili vitatu, kwa hiyo msianze kukisia ni wa nani. Mtoto alianza kutapika alfajiri. Mama alidhani kala kitu kibaya. Nikamuuliza mtoto, jana ulifanya nini? "Nilicheza mpira." Uligongwa? Akamwangalia mama yake, akaangalia chini. "Kidogo."

Hiyo kidogo yake ilikuwa hivi. Kipindi cha pili kimeanza tu, akaruka kupiga kichwa, akagongana kichwa kwa kichwa na beki wa timu nyingine, akaanguka chali. Akaona weupe. Akanyanyuka. Akacheza mpaka filimbi ya mwisho, dakika ishirini na kitu, huku anaona mipira miwili na hajui apige upi.

Nikamuuliza, baba, kwa nini hukumwambia kocha utoke?

"Nesi, nilikuwa naongoza. Ningetoka pointi zangu zingeshuka."

Pointi gani hizo? Hapo ndipo nilipoanza kuuliza.

POSTI YA 2

Kuna timu ya watoto hapa kwetu, siitaji, na kocha wake simtaji. Na niseme ukweli wake kabla sijamsema: ni kijana mzuri, anafundisha bila kulipwa cha maana, watoto wanampenda, na tangu aanze hawashindi vijiweni. Nisingependa aache. Ninachotaka aache ni jedwali.

Kila Jumapili usiku anaweka kwenye grupu la wazazi jedwali la "kiwango cha pasi". Mtoto kapiga pasi ngapi, ngapi zimemfikia mwenzake, ngapi zimezaa bao, mipira mingapi kapoteza. Anaongeza hapa, anakata pale, inatoka namba moja ya mwisho chini ya mia. Walio juu rangi ya kijani, katikati njano, chini nyekundu. Majina kamili. Na mtoto akitoka kabla ya filimbi ya mwisho, anakatwa pointi kwa "kutojituma".

Sasa nyie wamama, na mimi nimo humohumo, tunafanya nini na lile jedwali? Tunatafuta jina la mtoto wetu kabla ya kitu kingine chochote. Akiwa kijani tunaweka status. Akiwa nyekundu tunanyamaza, halafu asubuhi tunamwambia mtoto kwenye chai, "mwenzako mtoto wa fulani ana 81." Mwenzetu mmoja alimnyima mwanawe simu wiki nzima kwa sababu ya 43. Mtoto wa darasa la tano! Kwa namba ambayo mama mwenyewe hajui imepatikanaje.

Nilikwenda kuwaangalia wanacheza Jumamosi iliyofuata. Mimi si mtaalamu wa mpira, naangalia Simba na Yanga kwa kelele za jirani. Lakini macho ninayo. Watoto wale hawapigi pasi mbele. Wanarudishiana nyuma, pembeni, nyuma tena, kamita mbili, katatu. Kuna kabinti kamoja beki, kana mguu huo, zamani kalikuwa kanapiga mpira mrefu unavuka katikati ya uwanja. Sasa kakipata mpira kanamgusia aliye jirani haraka kama kameshika kaa la moto. Nikakauliza baadaye. Kakanijibu: "Ndefu ikipotea nakatwa."

Na tope letu mnalijua. Mwezi wa nne hapa Bulyaga mpira ukiupiga mita kumi unakwama mita ya sita, unakaa pale kama umechoka. Jedwali halina safu ya tope.

Mama wa yule mvulana alipouliza kwenye grupu kama huu utaratibu ni sawa, kocha akajibu kwa heshima kabisa: "Mama, hata Marekani mpiga pasi anapimwa hivihivi, ni sayansi." Wazazi wakaweka vidole gumba. Likaisha.

Kwangu halikuisha. Mtoto wa dada yangu anasoma mambo ya kompyuta Mbeya. Nikamwambia, wikiendi hii njoo na bando lako, unionyeshe hao Wamarekani wanapimaje pasi.

POSTI YA 3

Twende taratibu, na usiogope hesabu, unapiga hesabu ngumu kuliko hii ukiwa sokoni na elfu tano.

Marekani wana mpira wao, ule wa helmeti na mabega yaliyotuna, mpira wenyewe umechongoka kama papai. Pale kuna mchezaji mmoja, wanamwita kwotabeki, ambaye kazi yake kubwa ni kurusha pasi kwa mkono. Karibu kila shambulio linaanzia kwake. Basi ligi yao kubwa, NFL, ikahangaika miaka mingi namna ya kusema nani ni mrushaji bora. Miaka ya 1930 walihesabu umbali tu, yadi ngapi kwa jumla. Baadaye wakahamia asilimia ya pasi zilizodakwa. Wakabadilisha tena na tena. Mwaka 1973 wakapitisha kanuni iliyotengenezwa na kamati ya bwana mmoja anaitwa Don Smith, na hiyo ndiyo inatumika mpaka leo.

Kanuni inachukua vitu vinne: pasi zilizodakwa kwa asilimia, wastani wa yadi kwa kila pasi, asilimia ya pasi zilizozaa bao lao, na asilimia ya pasi zilizonaswa na wapinzani. Kila kimoja kinageuzwa kuwa pointi kuanzia 0 mpaka 2.375. Unajumlisha vinne, unagawa kwa 6, unazidisha kwa 100. Ya juu kabisa ni 158.3. Usiniulize kwa nini isiwe 100, hata mimi nilimuuliza mpwa wangu mara tatu. Walichukua wachezaji wa miaka ya nyuma ya 1973, wakapanga ili mchezaji wa wastani wa enzi zile apate 66.7. Siku hizi wastani umepanda mpaka karibu 90, wanaowapima ni watu wa leo kwa rula ya babu zao.

Sasa shika kalamu. Mrushaji karusha pasi 20. Zimedakwa 12, jumla yadi 140, moja imezaa bao, moja imenaswa na wapinzani. Asilimia 60 ya kudakwa inampa 1.5. Yadi 7 kwa pasi zinampa 1. Bao moja kati ya pasi 20 linampa 1. Ile iliyonaswa inambakizia 1.125. Jumla 4.625. Gawa kwa 6, zidisha kwa 100: 77.1.

Vizuri. Lakini hiyo moja iliyonaswa ilinaswaje? Tuseme aliirusha vizuri kabisa, ikamfika mwenzake kifuani, mwenzake mikono ikateleza kwa mvua, mpira ukaruka juu, mpinzani akaudaka. Kosa la nani? Kanuni haiulizi. Ingeanguka chini tu bila mpinzani kuiwahi, huyuhuyu mrushaji, mkono uleule, pasi zilezile 20, angepata 97.9. Karibu pointi 21 zimetoka kwenye vidole vya mtu mwingine.

Subiri, kuna hili lililonikalisha chini. Mrushaji ambaye kila pasi yake anaitupa nje ya uwanja, haidakwi hata moja, yadi sifuri, bao sifuri, lakini na wapinzani nao hawainasi, kanuni inampa 39.6. Sasa mchukue mwingine aliyejaribu: pasi 20, amefikisha 6, yadi 60, moja ikanaswa. Huyu anapata 18.8. Rudia kusoma. Aliyejaribu akafikisha sita yuko chini ya yule aliyetupa zote porini.

Kale kabinti ketu kamegundua hilo bila kalamu wala mpwa. Kana miaka kumi na moja.

Wamarekani wenyewe wanayajua haya. Mwaka 2011 kituo chao cha televisheni ESPN kikatoa kipimo kingine cha 0 mpaka 100, kinachojaribu kuangalia pasi ilirushwa wakati gani wa mchezo, mrushaji aliangushwa mara ngapi, alikimbia mwenyewe mara ngapi. Ni afadhali, lakini hesabu yake yote hawaiweki wazi, kwa hiyo mimi na wewe hatuwezi kukaa jikoni tukaikagua kama tulivyofanya hii. Kwa hiyo kocha akisema "hata Marekani", aseme pia kwamba hata Marekani wanabishana nayo miaka hamsini sasa.

Na hapa kwetu je? Msimu wa 2023/24 kila bodaboda hapa Tukuyu alijua Aziz Ki wa Yanga amefunga 21 na Fei Toto wa Azam 19. Siku hizi wanahesabu na pasi za mabao, wanaita asisti, hatua nzuri. Lakini asisti inahesabika pale tu mwenzako akifunga. Umempa mpira safi yeye na kipa, akapaisha juu ya mwamba: huna kitu. Umempa mpira wa hovyo, akapangua wanne peke yake akafunga: unayo asisti. Na aliyeanzisha yote, yule aliyepiga pasi kabla ya hiyo pasi, hakuna anayemwandika popote.

POSTI YA 4

Hapa naomba usome polepole, simu ikilia iache.

Ile kanuni ya 1973 ina tundu moja ambalo mimi kama nesi silisamehi. Mrushaji akibanwa, ana njia mbili. Anaweza kuutupa mpira nje salama, ihesabike pasi isiyofika, namba yake ishuke. Au anaweza kuukumbatia, aangushwe nao na majitu ya kilo 130. Akiangushwa, namba yake haiguswi. Haishuki hata nukta. Maana yake kwa hesabu hiyo, kupigwa chini ni bei rahisi kuliko kupoteza pasi. Sisemi kwotabeki anaangushwa ili alinde namba, watu wazima wale wana makocha na mikataba. Nasema namba haina pa kuandikia mwili.

Mfano, na huyu alionekana na dunia nzima kwenye televisheni. Tarehe 25 Septemba 2022, kwotabeki wa Miami Dolphins, Tua Tagovailoa, alisukumwa akaanguka, kisogo kikapiga chini. Akanyanyuka, akatikisa kichwa, akapiga hatua chache, akayumba, wenzake wakamdaka. Kipindi cha pili akarudi uwanjani. Timu ikasema ni mgongo. Siku nne baadaye, tarehe 29 Septemba, kule Cincinnati, akaangushwa tena. Safari hii alibaki chini na vidole vya mikono vimejikunja vimekakamaa mbele ya uso wake. Yeyote aliyefanya kazi wodini akiona vidole vile anajua kinachosemwa ni ubongo. Akatolewa kwa machela.

Baada ya hapo, mwezi wa Oktoba, ligi ikabadilisha utaratibu: mchezaji anayeyumba baada ya kugongwa harudi uwanjani, basi, hakuna cha mgongo. Tua akarudi baada ya wiki kadhaa, Desemba akaumia kichwa tena, msimu wake ukaishia hapo.

Sasa fungua jedwali la mwaka 2022. Nani aliongoza ligi nzima kwa kiwango cha pasi kwa ile kanuni? Tua Tagovailoa, 105.5.

Hiyo ndiyo namba bora ya pasi Marekani nzima mwaka ule. Angalia kama utaona humo ndani machela.

Na yule ana daktari pembeni ya uwanja, ana kamera kibao zinamwangalia, ana chama cha wachezaji kinachomtetea. Mwanao ana nani? Ana kocha mmoja mwenye filimbi, na ana wewe, ambaye Jumamosi asubuhi uko shambani au sokoni na ndizi zako.

Yule mvulana wetu Jumapili ile jedwali lilipotoka alikuwa wa kwanza. Kijani. Mama yake alilipata akiwa amekaa pembeni ya kitanda, tumemlaza kumwangalia. Akanionyesha simu bila kusema neno. Mtoto akanyoosha shingo, "Mama nina ngapi?"

POSTI YA 5

Kuna mtakaosema nesi anapinga vipimo. Mimi? Mimi kazi yangu yote ni namba. Joto, uzito, presha, mapigo, wingi wa damu. Siwezi kupinga vipimo, nitakula nini.

Ila hebu nikwambie namba ya kwanza kabisa mtoto wako aliyopewa duniani, na huenda hukuambiwa. Alipotoka tu, dakika ya kwanza, mkunga alimpa alama. Inaitwa Apgar, kwa jina la daktari mwanamke wa Kimarekani, Virginia Apgar, aliyeichapisha mwaka 1953. Vitu vitano: rangi ya ngozi, mapigo ya moyo, anavyoitikia akiguswa, misuli, kupumua. Kila kimoja 0, 1 au 2. Jumla 10. Ukiangalia imejengwa kama ile ya pasi, vipande vinajumlishwa inatoka namba moja.

Lakini angalia inavyotumika. Mtoto akipata 4 dakika ya kwanza, hatumwambii mama "mwenzako kitanda cha pili kapata 9." Tunamkausha, tunamsugua mgongo, tunasafisha njia ya hewa, tunampa hewa. Dakika ya tano tunapima tena tuone kama tulichofanya kimesaidia. Wengi waliopata 4 wanafika 8 au 9. Namba inatuambia sisi tufanye nini, sasa hivi, kwa mtoto huyu. Haikuwekwa kusema atakuwa na akili au hatakuwa nayo, na mtu akikwambia mwanao mzito darasani kwa sababu alama zake za kuzaliwa zilikuwa ndogo, mwambie aje anione. Hakuna wodi inayobandika mlangoni orodha ya vichanga kwa rangi ya kijani na nyekundu. Ingebandikwa mngechoma wodi.

Kadi ya kliniki nayo hivyohivyo. Mimi nikipima uzito siangalii mtoto wa nani mzito. Naangalia mstari wa mtoto huyu mmoja, mwezi uliopita na mwezi huu, unapanda, umelala, au unashuka. Ukishuka nakuuliza amekula nini, ameharisha, nyumbani kuna shida gani. Mama mwenye kadi inayoshuka akitoka chumbani kwangu analia kwa aibu, mimi ndiye nimekosea kazi.

Kwa hiyo kocha ahesabu pasi, namsihi ahesabu! Aweke kwenye daftari lake. Akiona yule mdogo anapoteza mipira upande wa kushoto, amfundishe mguu wa kushoto. Akiona kabinti kameacha kupiga ndefu, akaulize kulikoni. Hiyo ndiyo kazi ya namba. Kuimwaga kwenye grupu la watu sitini usiku wa Jumapili ni kazi gani? Nani anatibiwa pale?

Na kwa wale mnaosema bila namba hatutapata wachezaji: jamani, mko Rungwe. Tukuyu Stars, Banyambala, timu ya mji huuhuu, walipanda daraja na mwaka 1986 wakabeba ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya hao Simba na Yanga. Waulizeni baba zenu. Watawasimulia pasi ilitoka wapi, nani alikimbia bila mpira kumvuta beki, nani alikuwa anapiga kelele kuwapanga wenzake. Wanakumbuka mpaka hali ya hewa. Hakuna atakayekutajia asilimia.

POSTI YA 6 (ya mwisho, muihifadhi)

Kwanza kichwa, maana huko ndiko niliahidi.

Mtoto akigongwa kichwa, au akianguka vibaya hata kama kichwa hakikugusa kitu, mtikisiko unaweza kufika kwenye ubongo bila kuvimba, bila damu, bila kuzimia. Wengi hawazimii. Kwa hiyo "hakuzimia, yuko sawa" ifute kabisa. Anatoka uwanjani siku hiyo na harudi siku hiyo, hata akilia, hata akiwa nahodha, hata ikiwa fainali. Sababu ni kwamba ubongo uliotikisika ukipigwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba vibaya, na hapo tunaongelea uhai.

Mlete hospitali haraka, usisubiri asubuhi, ukiona anatapika mara kwa mara, kichwa kinazidi kuuma badala ya kupungua, anaongea ovyo au hakumbuki, anayumba, mkono au mguu mmoja umelegea, mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyingine, anapata degedege, damu au maji meupe yanatoka puani au masikioni, au unamwamsha haamki vizuri. Kulala analala, msimzuie kama mnavyodanganywa, ila muamsheni muone kama anajielewa kawaida. Asipewe diklofenaki wala asprini za dukani. Panadol kwa kipimo cha umri wake inatosha mpaka aonekane.

Kupona kunachukua siku, kwingine wiki. Anarudi shule kwanza, taratibu. Kichwa kisipouma darasani ndipo aanze kutembea, kukimbia, kugusa mpira peke yake, mazoezi na wenzake, mechi mwisho kabisa. Hatua moja ikirudisha maumivu, anarudi nyuma. Na mhudumu wa afya amuone kabla ya mechi.

Halafu inboksi. Maswali ni mengi, najibu machache.

Dada mmoja kauliza: "Mwanangu anapenda lile jedwali, yuko juu, nimwambie nini?" Mdogo wangu, muulize swali moja tu leo usiku, na umuulize kwa upole: ukiumia katikati ya mechi, utatoka? Usikilize jibu, na uangalie anakoangalia wakati anajibu.

Mama mwingine: "Nesi unamharibia kijana wa watu jina." Sijamtaja na sitamtaja. Nimekwenda kwake Jumatano jioni, kwa miguu, nikamkuta anapaka viatu dawa. Tumeongea saa nzima. Amenionyesha daftari lake, zuri kweli, kaandika kila mtoto kwa mwandiko safi. Alikuwa hajui kwamba mvulana aliona mipira miwili. Alidhani kaamka tu akaendelea. Alinyamaza muda mrefu. Akasema ile ya kukata pointi kwa anayetoka ataifuta. Jedwali la kwenye grupu bado, anasema wazazi ndio wanalidai, akilichelewesha mpaka saa tatu usiku simu zinaanza. Hapo nilikosa cha kumjibu, maana ni kweli. Mimi mwenyewe nilishawahi kumpigia.

Na baba mmoja, nakuheshimu kaka yangu, kaandika: "Mpira ni vita, tunalea wanaume." Kaka, karibu siku moja ukae nami zamu ya usiku. Chai nitakuandalia.

Kikao cha wazazi ni Jumapili hii saa tisa mchana, palepale uwanjani, mvua ikinyesha tunahamia barazani kwa mwenyekiti. Nitaomba mambo mawili. Namba zibaki kwenye daftari la kocha, na mzazi anayetaka za mwanawe amfuate, asome za mwanawe tu. Na kila mechi awepo mtu mzima mmoja asiye kocha, anayeangalia vichwa badala ya mpira. Jumamosi mbili za kwanza nitakaa mimi, nimeshabadilishana zamu. Ya tatu nahitaji mtu. Nani anaweza? Andikeni hapa chini jina na Jumamosi yako.

Mvulana yuko nyumbani, wiki ya tatu sasa. Shule anakwenda nusu siku. Jana alinitembelea na mama yake, kichwa hakijauma siku nne. Akaniuliza akirudi ataanzia sifuri au watamrudishia pointi zake. Nimemwambia nitamuulizia kwenye kikao.